Miwani ya AR na kazi zetu za Mombasa: nimeivaa siku 4 yadini, nawaeleza nilichokiona

Fundi wa Rifa (mwenye uzi)

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni fundi wa makontena ya baridi, haya tunayoyaita rifa, na huu ni mwaka wangu wa 17. Kazi yangu iko kwenye yadi moja upande wa Changamwe. Mwezi uliopita kampuni moja ya ng'ambo ilituletea miwani ya AR tuijaribu kazini, na aliyevishwa ni mimi. Tangu hapo kila nipitapo naulizwa. Vijana wa yadi, shemeji yangu mwenye duka la simu Mwembe Tayari, hata mzee tunayeswali naye safu moja: je, kitu hiki kitafika kwetu, au ni mchezo wa matajiri? Nimechoka kueleza kipande kipande, basi leo nakaa niandike chote.

Kwa asiyeijua: AR ni uhalisia ulioongezwa. Unaendelea kuona ukuta wako, mkono wako na mashine iliyo mbele yako, ila juu yake unaongezewa mshale, duara au maandishi, na yanakaa pale pale hata ukigeuza kichwa. Si jambo la jana. Mwaka 1968 Ivan Sutherland kule Marekani alishatengeneza chombo cha kuvaa kichwani, kizito mpaka ikabidi kining'inizwe darini. Jina lenyewe lilitoka kampuni ya Boeing miaka ya mwanzo ya 1990, Tom Caudell na wenzake walipotafuta njia ya kumsaidia fundi kupanga nyaya za ndege bila kurudi kutazama mchoro kila mara. Hilo nalishika sana. Neno hili lilizaliwa kwa watu wa nyaya na koleo, watu kama mimi.

Sasa siku yangu ya kwanza. Kuna kontena la maparachichi lilitakiwa likae kwenye nyuzi 5 hivi, linasoma 9 na linapanda. Mzigo ule ukipita kiwango hauna tena mnunuzi. Nikafungua boksi la umeme. Ndani kuna volti 415, na ule mchoro uliobandikwa mlangoni ulikuwa umefutwa na jua na chumvi, umebaki mistari ya kijivu. Hali kama hii siku zote tunampigia mhandisi wa watengenezaji kwa WhatsApp, naye yuko Ulaya. Kijana wangu anashika simu, mimi nashika tochi kwa meno. "Shusha. Kushoto. Hapana, rudi. Mkono wako umeziba." Nusu saa inakwenda kwa hayo tu.

Siku ile nilivaa miwani, yule mhandisi akaona kile kile ninachokiona mimi. Akachora duara jekundu kwenye skrini yake huko aliko, nami nikaliona limekaa juu ya waya mmoja katikati ya ule msitu. Nikageuka kuchukua bisibisi, nikarudi, duara liko pale pale. Mikono yangu yote miwili ilikuwa huru. Nikaufuata ule waya mpaka kwenye sensa ya joto: kiungo chake kimeliwa na chumvi, kimeota kijani. Nikakata, nikakwangua, nikaunga upya. Haikufika robo saa. Nakwambieni kweli, nilisisimka mwili.

Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu jua likazunguka pembe ya kontena na kunipiga usoni. Duara likaanza kufifia, mara halionekani kabisa. Saa sita ikaja alama ya joto mbele ya jicho langu, na chombo kikazima chenyewe. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu tulifanya kazi baada ya magharibi, ikakaa vizuri. Siku ya nne kulikuwa na mawingu, hata hivyo adhuhuri ikazima.

Nilikwenda kutafuta kwa nini, na majibu ni haya.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ina kioo unachoona kupitia, nayo inaongeza mwanga wake juu ya ule unaoingia. Inaongeza tu, haina uwezo wa kupunguza. Haiwezi kukuchorea kitu cheusi wala kivuli. Ukiwasha tochi ya simu chumbani usiku inaangaza mpaka darini, ukiiwasha Uwanja wa Makadara saa saba mchana hutaona kama imewaka. Ndiyo yaliyolipata lile duara langu. HoloLens 2 ya Microsoft ni ya aina hii.

Ya pili imefunga macho kabisa. Kamera zinapiga picha ya nje na wewe unaitazama kwenye viskrini vidogo viwili. Apple Vision Pro na Meta Quest 3 ziko hivi. Hapo mchoro unaonekana vizuri zaidi, lakini fikiria mtu amesimama kwenye yadi, mashine za kunyanyua makontena zinapita nyuma yake, au vidole vyake viko karibu na volti 415, halafu betri inakata. Anabaki gizani. Mimi hiyo singemruhusu kijana wangu aivae kazini hata kwa dakika moja. Tena Meta wenyewe wanaonya Quest isiachwe juani: lenzi zake zinakusanya miale kama kioo cha kuwashia moto na kuunguza skrini.

Halafu joto. Maelezo ya Microsoft yanasema HoloLens 2 itumike mahali penye ubaridi, pasipozidi nyuzi 27. Apple wameandika 30 kwa Vision Pro. Ndugu zangu, kaskazi ikishika, Februari na Machi, kivulini tu tuko 32, 33. Katikati ya safu mbili za makontena, na mashine zenyewe zinatema hewa ya moto, sina haja ya kuwatajia namba.

Na uzito. HoloLens 2 ina gramu 566. Vision Pro inafika 600 na zaidi, na betri yake unaiweka mfukoni. Juu yake uvae helmeti, maana yadini huingii bila helmeti. Jioni ya siku ya pili shingo yangu ilikuwa imekaza nikashindwa kutazama nyuma.

Macho nayo yaliniuma, na hili lina sababu yake. Mkono wangu uko sentimita 40 kutoka usoni, lakini mwanga wa mchoro kwenye miwani nyingi umewekwa kama unatoka mita 2 hivi. Jicho linataka kulenga pawili kwa wakati mmoja. Dakika kumi huoni tofauti, saa mbili kichwa kinagonga.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: faida ipo, nimeigusa kwa mikono yangu, na ni ya mtu ambaye mikono yake imeshika kazi na mjuzi wake yuko mbali. Lakini zilizoko sokoni leo hazikutengenezewa jua letu. Karibuni tujadiliane.

Kijana wa Bamburi

Fundi, shukran kwa uzi huu. Mimi nafanya programu za simu, nimefuatilia mambo haya muda mrefu, na naomba nikupinge kwa heshima. Hii biashara imekufa mara nyingi mno. Google Glass ilitoka 2013 kwa dola 1,500, mauzo yake kwa watu wa kawaida yakasimamishwa 2015, na ile ya viwandani nayo ikafungwa 2023. Magic Leap, kampuni nyingine ya miwani hizi, walikusanya zaidi ya dola bilioni 2, chombo chao cha kwanza kilichotoka 2018 kikanunuliwa na wachache tu. Microsoft waliacha kutengeneza HoloLens 2 mwaka 2024. Jeshi la Marekani waliingia mkataba nao 2021 wa karibu dola bilioni 22, askari wakalalamika vichwa na kichefuchefu, na 2025 kazi ikakabidhiwa kampuni nyingine. Kama jeshi lenye pesa zile limeshindwa, sisi wa Mombasa tutaweza wapi?

Vision Pro ni dola 3,499. Kwa shilingi zetu hiyo ni kama 450,000 kabla ya ushuru. Pesa hiyo ni pikipiki mbili na chenji.

Fundi wa Rifa

Mdogo wangu, yote uliyoyataja ni kweli. Lakini watazame waliokuwa wanauziwa. Google Glass ilianguka kwa mtu wa kawaida aliyeivaa barabarani asijue ya nini. Kwa mafundi wa nyaya wa Boeing ile ile Glass ilipunguza muda wa kazi kwa asilimia 25. DHL, wale wasafirishaji wa mizigo, waliijaribu miwani kwenye ghala lao la Bergen op Zoom, Uholanzi, mtu akaonyeshwa rafu gani na vipande vingapi bila kushika karatasi, nao wakasema ufanisi umepanda kwa asilimia 25.

Sasa toa macho Uholanzi uyalete hapa. Magodauni ya chai ya mnada, pale Shimanzi. Kuna kivuli, hakuna jua, sakafu ni tambarare, mifuko ni maelfu na kila shehena ina namba yake. Mtu anabeba huku akisoma. Pale hata miwani ya leo ingeweza, mradi hewa izunguke.

Kuhusu bei sikubishii. Ila usilinganishe na pikipiki, linganisha na kontena moja la maparachichi yaliyooza.

Muuguzi Pwani

Kaka Fundi, nimesoma mara mbili. Umesema joto na jua ndivyo vilivyokushinda. Basi mimi nafanya kazi mahali ambapo havipo. Chumba cha upasuaji kina AC mchana na usiku, taa zinapangwa tunavyotaka, na daktari ana mikono miwili iliyovaa glavu ambayo haruhusiwi kugusa kompyuta. Juni 2020 madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, walimfunga mgonjwa skrubu 6 kwenye uti wa mgongo huku wakiona picha ya mifupa yake juu ya mwili wenyewe, badala ya kugeuza shingo kutazama skrini ya ukutani kila dakika.

Mimi si daktari wa mgongo. Ninachofikiria ni kidogo kuliko hicho. Usiku wa manane, mama anavuja damu baada ya kujifungua, katika zahanati ya huko Kwale yuko muuguzi mmoja tu, na mjuzi wake amelala Mombasa. Leo anapiga simu, anaiweka kwenye spika juu ya kitanda, anasema "sikuoni". Kama huyo mjuzi angeona anachokiona yule binti, na binti abaki na mikono yake yote kwa mgonjwa, hapo mimi nitasema miwani hii iletwe hata kesho.

Fundi wa Rifa

Dada, umenifungua. Nilikuwa nafikiria bandari tu kwa sababu ndiko niliko. Ni kweli, hospitali inaanza kabla yetu. Na huko Kwale hakuhitaji hata michoro ya ajabu: kamera kwenye paji la uso na sauti sikioni ni nusu ya kazi. Miwani ya Ray-Ban ya Meta iliyoanza kuuzwa 2023 kwa dola 299 tayari inafanya hivyo, haina mchoro wowote kwenye kioo, na ni nyepesi kama miwani ya kawaida.

Shida itakuwa mtandao. Sisi Mombasa tuna bahati, nyaya za baharini zinatua hapa hapa tangu 2009. Lakini kutoka ufukweni mpaka kwa mgonjwa ni safari nyingine. Mimi mwenyewe nikiingia kati ya makontena, vile vyuma vinaziba mawimbi, picha inaganda. Tulilazimika kutundika ruta juu ya nguzo.

Mwongoza Wageni

Salaam wakubwa. Mimi napeleka wageni Fort Jesus na Mji wa Kale. Kila mara nikisimama kwenye ukuta unaotazama bahari, nawaambia kwamba hapo mbele, mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome, ilizama meli ya Kireno Santo António de Tanná. Wapiga mbizi waliichimba miaka ya 1970 mwishoni. Wageni wanatazama maji, wanatazama mimi, wanatikisa kichwa. Natamani siku moja waione pale ilipokuwa, matanga yake na mizinga yake, na ngome inapigwa.

Lakini kwa yale maelezo ya Fundi naona haitakuwa miwani. Yale mawe ya matumbawe saa tano asubuhi yanarudisha mwanga mpaka macho yanafumba. Nani atavaa nusu kilo na jasho la mgeni aliyemtangulia bado limo kwenye sponji? Nafikiri simu zao wenyewe zinatosha. Wainue, waone meli kwenye skrini, waishushe, tuendelee kuzungumza. Mtu aliyefunikwa macho hazungumzi na mwongozaji.

Binti wa Kibokoni

Mimi nina jambo ambalo wanaume hamjaligusa. Hapa kwetu siku ya kupamba, wanawake tunavua mabuibui, tunajipamba tunavyotaka, kwa sababu tunajua ni sisi kwa sisi. Simu zinakusanywa mlangoni au zinabandikwa karatasi kwenye kamera. Hayo tumeyajenga kwa shida, baada ya picha za watu kusambazwa na ndoa kuingia mashakani.

Sasa mnasifu miwani nyepesi kama ya kawaida. Nikikaa mlangoni nitamjuaje aliyevaa miwani ya macho na aliyevaa kamera? Wanasema kuna kitaa kidogo kinawaka ikirekodi. Ukumbini kwa zile taa, na nyimbo, na watu mia tatu, nani atatazama kitaa? Na mtu mzima nimvue miwani yake ya kuonea?

Siipingi kazi ya kaka Fundi wala ya dada muuguzi. Kontena halina haya, na mgonjwa anaokolewa. Lakini msiseme ni nzuri tu.

Fundi wa Rifa

Dada yangu, sina jibu la kukupa, na singependa kukupa la haraka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, na mtu anayesambaza picha yako bila ruhusa anashtakika. Lakini wewe hutafuti mahakama baada ya jambo, unatafuta lisitokee. Naona ni afadhali ile ya kazini ibaki kubwa na ionekane kuwa ni chombo cha kazi. Mimi nikivaa langu yadini kila mtu anajua ninarekodi. Hizi zinazojificha kama miwani ya kawaida zinaniogopesha kama zinavyokuogopesha wewe, na nina mabinti wawili.

Kijana wa Bamburi

Dada wa Kibokoni, hilo sikuwa nimelifikiria kabisa, ahsante.

Fundi, nakuongezea la upande wako ingawa nilikupinga. Septemba 2024 Meta walionyesha Orion, miwani ya kioo wazi ya gramu 98, na upana wa kuona ni pembe ya nyuzi 70. HoloLens 2 ilikuwa 52. Haiuzwi, kuitengeneza ni ghali mno. Septemba 2025 wakatoa ya kuuza, Ray-Ban Display, dola 799, gramu 69, ila mchoro ni kijidirisha kidogo kwenye jicho moja tu. Uzito unashuka. Suala lako la shingo litakwisha kabla ya suala lako la jua.

Baba Saumu

Naomba kuuliza moja kwa moja. Nina karakana ya friji na AC Magongo, vijana sita. Ninunue ama nisubiri? Na mwanangu yuko mwaka wa pili wa umeme, ajifunze nini asije akaachwa?

Fundi wa Rifa

Mzee wangu, subiri. Usitoe shilingi. Nunua mkanda wa kifuani wa kushikia simu na taa nzuri ya kichwani, vyote havifiki 5,000. Mjuzi wako ataona kazi kupitia simu, na kijana wako wa sita atarudi kushika spana badala ya kushika simu. Mimi ndivyo nafanya sasa baada ya wale wageni kuondoka na miwani yao. Siku ukiletewa mauzo, kabla ya kusikiliza lolote, geuza karatasi utafute nyuzi joto. Ikisoma chini ya 40, mrudishie.

Kuhusu mwana. Lile duara jekundu lilichorwa na mtu aliyeko Ulaya. Miwani haikujua chochote kuhusu ile rifa. Ili ijue, lazima awepo mtu amechora mashine nzima kwenye kompyuta, kila waya na jina lake, na akaandika hatua: fungua hiki, pima hapa, ukiona namba hii nenda kule. Kazi hiyo ndiyo haipo. Miwani zitabadilika kila mwaka, michoro na hatua zinabaki. Mwambie ajifunze Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu kwenye kompyuta, haina malipo. Akiongeza Unity, programu ya kuifanya michoro hiyo itumike kwenye simu na miwani, ni bora zaidi. Lakini umeme wake asiuache, kwa sababu mchoraji asiyejua mashine atachora mshale mahali pa kumuua mtu.

Na zile hatua zikiandikwa, nataka ziandikwe kwa Kiswahili. Kijana wangu mmoja aliwahi kusoma onyo la Kiingereza kwenye mlango wa boksi, akaelewa kinyume, na ni mimi niliyemvuta mkono. Toka wiki iliyopita nimeanza na simu tu. Napiga picha boksi la kila rifa inayokuja, usiku naketi na mke wangu tunaweka mishale na majina. Tumefika aina nne. Mkandamizaji tumekubaliana ni kompresa, maana hakuna anayesema vingine. Feni ni feni. Lakini kile kidude cha shaba kinachopunguza presha ya gesi kabla haijaingia kwenye koili ya baridi, kila fundi Mombasa anakiita lake, na mwenye duka la vipuri analo lake. Baba Saumu, kwenye karakana yako vijana wanakiitaje?